Nilivyofuata Popo wa Maman Riziki Mpaka Ijwi

Kila mara munaponipata nimekaa ku mulango munaniuliza: "Papa Riziki, kule Ijwi ilikuwa namna gani? Ni kweli walitaka kukuoesha?" Nimechoka kujibu mumoja mumoja kama mutu anayegawa chumvi. Basi ninaandika mara moja, kila mutu asome, na asiyejua kusoma asomewe na mutoto wake. Mimi niliacha masomo mwaka wa pili wa primeri. Mwalimu alisema kichwa changu kinapitisha maneno kama kitunga kinavyopitisha maji. Mukiona makosa, muyaruke kama munavyoruka mufereji.

Kabla ya kutoka Bagira

Lazima nianze na sufuria.

Marehemu muke wangu, Maman Riziki, hakuwa na saa na hakuitaka. Jioni, popo wakubwa wenye shingo ya rangi ya majani makavu walikuwa wanatoka ku miti ya Nguba, kule chini ku ziwa, wanapita juu ya mutaa wetu wa Bagira, wanaenda kutafuta matunda mu mashamba ya Kabare. Hawakupiga kelele. Walipita tu, wengi, pole pole, kama nguo nyeusi zinazoelea mu maji. Akiwaona, Maman Riziki anasema: "Popo wamepita. Wekeni maji ku moto." Basi tunasonga bugali, tunakula.

Alipokufa, nilibaki na popo. Jioni nilikaa ku mulango, wakipita ninainuka, ninaweka maji. Haikuhitaji mutu wa kunisukuma. Watoto wangu walitawanyika, mumoja Kisangani, mwingine Lubumbashi, lakini popo walikuja kila siku. Kuna wazee wanaoamshwa na kengele ya kanisa. Mimi nililishwa na popo.

Halafu jioni moja hawakupita. Nikangoja. Giza likaingia mu nyumba, likaketi kando yangu, na mimi nikalala bila kula. Kesho yake vile vile. Musicheke. Mutu mukubwa anaweza kukonda juu ya kungoja.

Sasa munamujua Furaha, binti wa marehemu mudogo wangu. Anasoma biolojia ku iniversite, na kazi yake ni popo. Mu familia tuliona haya kidogo: watoto wa wengine wanasoma sheria, wa kwetu anasoma popo. Alikuja kunisalimia, akaniona mashavu yameingia ndani.

"Papa mukubwa, unagonjwa?"

"Sigonjwi. Popo wako wamenisahau."

Akakaa chini. "Walikata miti ya Nguba, papa mukubwa. Wanajenga magorofa, nyumba za etaje. Popo wamehama."

"Wamehama wapi?"

Akatoa telefone. Kabla miti haijakatwa, alikuwa amekamata popo muke mumoja mu wavu wa nyuzi nyembamba, akamupima, akamukunjua bawa, akamubandikia ku mugongo kamashine kadogo kama punje ya haragi. Kale kamashine njo kanatuma habari: leo amelala hapa, leo amelala pale. Alama ilikuwa katikati ya ziwa, ku kisiwa cha Ijwi.

"Wako mu miti ya muzee mumoja, Byamungu," akasema. "Lakini nimesikia ameita watu wa misumeno. Na wakati huu wana watoto wasiojua kuruka. Akikata sasa, watoto wataanguka na matawi, na wakubwa watatawanyika. Huku hawatapita tena."

"Nenda umwambie."

"Mutoto mwanamuke kwenda peke yake kuomba ku lupango, ku boma la muzee? Atanifukuza kabla sijakaa. Ninahitaji kinywa cha mukubwa."

Nikakubali. Sikumwambia ni juu ya sufuria. Nilisema: "Bon, ni kazi ya masomo, nitakusaidia."

Bagira mpaka Nguba

Mutu haendi kuomba na mikono mitupu. Maman mumoja wa kijiji cha Miti alinipikia kasiksi, pombe yetu ya ndizi, akanijazia dumu zima, bidoni ya plastiki. Ilikuwa changa, bado inanguruma ndani. Nikavaa suti ya mazishi, maana sina nyingine. Furaha akaangalia bidoni iliyovimba mbavu.

"Papa mukubwa, hii itapasuka."

"Nilikunywa kasiksi kabla baba yako hajazaliwa."

Tulichukua moto mbili, pikipiki za kukodi. Furaha alitaka tupitie Nguba aone mahali pale mara ya mwisho. Afadhali nisingeona. Ile miti mirefu iliyokuwa imevaa popo kama muti umevaa majani, ilibaki visiki vyeupe, na utomvu ulikuwa bado unatoka. Harufu ya popo ilikuwa ingali mu udongo, ile harufu tamu ya matunda yaliyoiva kupita kiasi. Mumoja wa wajenzi aliacha kukoroga simenti akatuuliza kama tunatafuta kiwanja.

"Tunatafuta popo," nikasema.

"Wale? Muzee, wamehama bila kuaga. Hata asante hawakusema."

"Na wewe uliwaaga?"

Akacheka, akarudi ku simenti yake. Furaha aliokota bawa kavu, jembamba kama karatasi ya sigara. Akalinyoosha ku jua, akanionyesha mifupa. Ni vidole. Mimi miaka yote nilidhani popo anaruka na ngozi. Anaruka na mukono, kama mukono wangu huu, vidole virefu vilivyoshonewa kitambaa.

Juu ya ziwa

Mutumbwi wa motere ulikuwa umejaa na ulikuwa tayari. Lakini hatukutoka. Kulikuwa na baba mumoja aliyepoteza kiatu kimoja sokoni, akarudi kukitafuta, na muzigo wake ulikuwa chini ya mizigo ya wote. Basi tukangoja kiatu. Hakuna aliyekasirika. Tulikula sambaza, vile visamaki vya ziwa, vya kukaanga na muhogo, mumoja akashusha redio, mwingine akaanza kusinzia, na jua likapanda juu ya kilima. Yule baba alirudi bila kiatu. Akavua na kile kingine, akakitupa mu ziwa, akasema: "Viende vikutane." Tukaondoka.

Dereva wa mutumbwi aliitwa tonton Saidi, wa Uvira, babu zake walitoka pwani na biashara. Alivaa kanzu nyeupe, pasi kali. Mimi niliketi miguuni pake na bidoni yangu, nikamwambia ni kasiksi ya Miti.

Ziwa siku ile lilikuwa limelala. Maji yalikuwa rangi ya mbingu na mbingu rangi ya maji, sikujua tena tunaelea mu nini. Furaha alikuwa ananiambia mambo ya popo kwa sauti ya chini. Kwamba anazaa mutoto mumoja tu kwa mwaka, anamunyonyesha kama mwanamuke. Kwamba hawa wakubwa si vipofu, wanaona mu giza kuliko paka. Ni wale wadogo wa mu paa za nyumba wanaotafuta njia na sauti. Kwamba mama akirudi asubuhi, miti imejaa maelfu wanaolia, lakini yeye anasikia sauti moja tu, ya wake, na anaenda moja kwa moja.

Nikafunga macho. Nikamwona Maman Riziki anatembea chini ya maji, sufuria ku kichwa, hana haraka. Nilitaka kumwita nikaona ananisikia kabla sijaita.

PAA!

Wote tukalala chini. Sisi watu wa huku hatufundishwi kulala chini, vita ilikwisha kutufundisha. Maman mumoja alimulalia mbuzi wake. Motere ikazima. Mutu akanong'ona: "Wanapiga kutoka wapi?"

"Wanapiga kutoka Miti," akasema tonton Saidi kwa hasira. Nikainua kichwa. Kanzu yake ilikuwa imelowa kasiksi toka kifua mpaka chini. Kifuniko cha bidoni kilikuwa kimeruka mu ziwa, na povu lilikuwa linapanda kama linaimba.

"Muzee! Astaghafirullah! Umenipaka pombe! Nitaswali namna gani?"

"Tonton, unisamehe. Haikukulenga wewe."

Watu walicheka mpaka mutumbwi ukayumba. Ni kicheko cha watu waliojiona wamekufa wakakuta ni pombe. Saidi alivua kanzu, akaiosha mu ziwa akinitukana kwa adabu, akaendelea na fulana. Nami nilishika mudomo wa bidoni na kiganja mpaka maman mumoja wa ndizi akanionea huruma. Akachana jani bichi, akalikunja, akaliziba vizuri.

"Unaenda kwa nani na hii?"

"Kwa muzee Byamungu."

"Ah! Kwa Byamungu!" Akaangalia suti yangu, akaangalia jani lake, akaangalia Furaha. Akatabasamu. Mimi sikuuliza kwa nini. Huo njo ujinga wangu wa kwanza wa siku ile.

Kupanda mulima

Ijwi inanukia nanasi. Tulipanda kati ya nanasi na kahawa, Furaha na bidoni ku kichwa, mimi na fimbo. Nilipumzika mara nyingi nikisingizia kuangalia ziwa. Kila tuliyekutana naye alisalimia, akaangalia bidoni, akashuka au akapanda mbio. Lugha yao iko karibu na Mashi yetu, nilisikia "ameleta jani, ameleta jani," nikadhani wanashangaa kifuniko changu cha jani.

Tulipofika ku lupango, wanawake walipiga vigelegele. Nikamwambia Furaha: "Unaona? Watu wa Ijwi wanajua kupokea wageni."

Yeye aligeuka upande mwingine. Alikuwa anaangalia ku ukuta. Misumeno miwili mirefu ilikuwa imeegemea pale, imenolewa, na wanaume wawili walikuwa wanakula viazi vitamu kando yake. Nyuma ya nyumba, kushuka mpaka ziwa, ilisimama miti mirefu. Ilikuwa nyeusi. Na ilikuwa inapumua.

"Tutaanza kesho asubuhi," mumoja akatuambia, kinywa kimejaa.

Jani

Muzee Byamungu ni mutu mrefu, anaongea kama kila neno analitoa mu kabati. Alituweka ku viti, akaita dada yake aliyefiwa na bwana, Maman Faida. Huyo mama alikuwa amejifunga kitenge kipya, miguu imeoshwa, inang'aa mafuta. Nikaona heshima nyingi kwa mambo ya popo.

Byamungu akashika bidoni, akaangalia jani, akaangalia dada yake. Dada akatingisha kichwa kidogo. Basi akalichomoa jani na mukono wake, akaliweka juu ya kichwa cha mulango. Wanawake wakapiga vigelegele tena. Pombe ikamiminwa mu chungu, tukapewa mirija, tukanywa.

Maman Faida ndiye alianza.

"Papa, unakoroma?"

Nikadhani wanatafuta pa kutulaza. "Ninakoroma, maman. Sitaficha."

"Vizuri. Nyumba iliyonyamaza inaniogopesha. Na unakula nini?"

"Kila kitu. Sombe, lenga-lenga. Meno ya kando bado yako."

"Ya mbele?"

"Ya mbele yalitangulia."

Wakacheka. Akaangalia viatu vyangu. "Na mutu wa kukupikia?"

"Hakuna, maman. Tangu mama wa watoto afe, ninapika mwenyewe."

"Pole," akasema, na alisema kweli, sauti ilishuka. Furaha alinikanyaga mguu. Nikadhani ni bahati mbaya, nikauvuta.

Byamungu akaweka mrija chini. "Bon. Pombe tumekunywa. Sasa sema na kinywa chako. Umekuja kuchukua nini kwetu?"

"Sikuja kuchukua, muzee mwenzangu. Nimekuja kuomba umuache hapa hapa alipo."

Watu wakaangaliana.

"Nani?"

"Popo."

Kuku mumoja alipita katikati yetu, akasimama, akaendelea. Maman Faida akajishika kifua.

"Mimi njo popo?"

Nikamwangalia Furaha. Alikuwa amejifunika uso na mikono. Ni hapo tu kichwa changu, kile kitunga cha mwalimu, kilishika maji. Byamungu alisimama. Akanieleza, neno kwa neno, kabati wazi: kwao pale mulimani, pombe ya kawaida inakuja na kifuniko. Inayokuja na jani bichi mu kinywa ni ya kuomba mwanamuke, na mwenye nyumba akilichomoa, amekubali kusikia na hana ruhusa tena ya kukataa.

"Na wewe umenichomolesha jani juu ya popo? Mu lupango ya baba yangu?"

"Muzee, kifuniko kilianguka mu ziwa. Ulizeni tonton Saidi, kanzu yake ni shahidi."

Nikaanza kusimulia, na nilipofika pale maman alimulalia mbuzi, Maman Faida alianza kucheka. Alicheka akashika nguzo, akakaa chini na kitenge chake kipya. Byamungu hakucheka.

"Muchukue bidoni yenu. Kesho ninakata. Paa yangu inavuja, ninahitaji mbao. Hawa wanyama wananyea kahawa yangu, na watu wanasema wanaleta magonjwa."

Nilisikia jioni zote za Bagira zinafungwa kama mulango. Furaha akapiga magoti, akasema kwa heshima: "Papa, popo asiyeguswa, asiyeliwa, hakufuati ndani ya nyumba. Musishike aliyeanguka, musile tunda aliloling'ata, muanike kahawa mbali na miti. Lakini ukiangusha miti leo, watoto watatapakaa mu lupango yote, na watoto wa watu watawaokota."

Byamungu alimupita na macho kama mutu anayepita duka.

Basi Maman Faida akasimama, akajikung'uta. "Kaka. Jani liko wapi?"

"Uliliona."

"Nani alilichomoa?"

Byamungu akaangalia mulango.

"Mimi nimeoshwa miguu, nimeombwa mbele ya mulima mzima, nimecheka mpaka machozi. Wewe umekunywa, pombe imefika mu tumbo. Utaitapika? Kesho watu waseme kwa Byamungu jani linachomolewa halafu wanasema hapana?"

"Faida, aliomba popo!"

"Aliomba. Jani haliulizi ni nani."

Yule muzee alikaa. Alivuta mrija, akanywa polepole sana, kama mutu anayetafuta chini ya chungu neno la kumwokoa. Hakulipata. "Nionyesheni," akasema, "hicho kitu nilichokubali kuoesha."

Chini ya miti

Tulishuka jua likiwa linazama. Furaha alitandika shitingi, turubai ya plastiki, chini ya muti, vikaanza kuanguka juu yake vinyesi, akavichambua na kijiti: mbegu za mapera, mbegu za mitini. "Hizi walizila mbali," akasema. "Mapori mengi yanapandwa hivi, usiku, na hakuna anayewaona." Alivaa mifuko ya mikono na kitambaa ku mudomo. Alimupa Byamungu jumeli, ile miwani ya kuonea mbali, akamuelekeza ku tawi moja.

Muzee aliangalia kwa muda mrefu. Nilidhani amesinzia akiwa amesimama.

"Anamufunika," akasema mwishoni.

"Njo mutoto wake, papa."

"Na bawa. Anamufunika kama..." Akafuta vioo na shati, akaangalia tena.

Halafu wakaanza kutoka. Kwanza mumoja, akazunguka, akarudi. Halafu kumi, halafu muti mzima ukafunguka kama ngumi. Furaha alikuwa na kamashine ka kubonyeza mu kiganja, anawahesabu kwa mafungu, tik, tik, tik, uso umeelekea juu. Ziwa lilikuwa na rangi ya zambarau. Walipita juu ya maji na chini yao mu maji walipita wengine, kichwa chini, na sikujua tena ni wapi wa kweli. Mbali wavuvi walikuwa wanaimba wakipiga kasia. Maman Faida alisimama kando yangu. Nikamwambia ya sufuria. Sijui kwa nini nilimwambia yeye, hata Furaha sikuwa nimemwambia.

"Kwa hiyo umevuka ziwa lote juu ya chakula," akasema.

"Njo vile."

"Wanaume!" Lakini hakucheka.

Byamungu alirudisha jumeli. "Miti ya ku ziwa inabaki. Hii ya nyuma ya nyumba nitaikata watoto wakijua kuruka, paa yangu nayo si popo, haiwezi kujitundika." Akawageukia watu wa misumeno. "Kesho mutakata miti ya greveliya ya kule juu." Wakanung'unika. Maman Faida aliwapelekea kasiksi iliyobaki, wakanyamaza.

Furaha hakufurahi kama nilivyodhani. Juu ya shitingi, kati ya mbegu, alikuta kamashine kake kadogo, kameanguka ku mugongo wa popo. "Huwa kanaanguka siku moja," akasema. "Lakini sasa sitajua tena anaenda wapi."

"Basi tutangoja ku mulango," nikasema.

Kurudi

Asubuhi Maman Faida alitusindikiza mpaka ku mutumbwi na nanasi mbili. Bidoni alikuwa ameiosha, ameitafutia kifuniko kipya, amekikaza.

"Hiki kisianguke mu ziwa," akaniambia. "Lakini siku ukitaka kianguke, majani kwetu ni mengi."

Tonton Saidi alikagua bidoni, akaitikisa, akaisikiliza na sikio. "Iko tupu?"

"Tupu, tonton."

"Al-hamdulillah. Kaa mbele."

Nilifika Bagira, nikakaa ku mulango. Jioni ya kwanza hakuna. Ya pili mvua. Nilikaa hivyo muda, nikijipikia mchana kama mutu wa hospitali, bila hamu. Furaha alipiga telefone: miti ya ku ziwa imesimama, watoto wameanza kuruka. Mimi nikaangalia mbingu, mbingu ikaniangalia.

Halafu jioni moja, majirani wamekwisha kuingiza kuku na kufunga milango, nami nimeshika komeo langu, niliona nyota moja inazima na kuwaka. Halafu nyingine. Nikatoka nje. Walikuwa wanatoka upande wa ziwa, juu sana, wamechelewa kuliko zamani, maana sasa wanatoka mbali. Hawakupiga kelele. Walipita.

Nikaweka maji ku moto. Nikapima unga, na mukono ukapima wa watu wawili, kama zamani. Sikupunguza.